Ukoko wa Pilau ya Arobaini

Sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni kama mtu anayetaka kuaga, ingia ndani ukae vizuri. Hadithi yangu ya leo haina zimwi wala sungura mjanja. Ina jiko la uani, sufuria moja ya pilau na watu watatu. Mwisho wake sijawahi kuuona mimi, wala aliyenisimulia hakuuona, kwa hiyo sikilizeni vizuri, maana mzigo nitawatua ninyi.

Huko Muheza alikuwapo mama mmoja, Bi Mwanamvua, mpishi wa shughuli. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi wala hitma kule kijijini kwao iliyopita bila mkono wake. Alikuwa haonji chakula. Alikuwa ananusa tu mvuke wa sufuria, akasema, "Chumvi bado," na ikawa kweli bado. Uzeeni presha ya macho ilimchukua jicho moja, kisha la pili, lakini hakuacha kupika, kwa sababu jiko lake la uani alilijua kwa mikono.

Watoto wake walikuwa wawili, wa tatu alimpata kwa ndoa. Saumu, mkubwa, alijaliwa akili ya kupanga. Mpe chumba cha hatua nne, atakulaza humo wageni kumi na hakuna atakayekanyagwa. Nassoro, mdogo wake, alikuwa fundi mwashi, na ukuta wake ungeupima kutwa nzima usione kosa. Sikudhani, mke wa Nassoro, alijaliwa uvumilivu, tena si ule wa kukaa kimya na kumeza mate, ila ule wa kurudia jambo mpaka likubali.

Sasa shikeni hili, maana bila hili mtapotea. Bi Mwanamvua alirithi kwa mama yake mwiko mkubwa wa mti na desturi moja. Jiko jipya likiwashwa, ukoko wa sufuria ya kwanza haugawanywi. Hubanduliwa mzima na kupewa mtu mmoja, yule aliyefanya jiko lipatikane, na ule mwiko humfuata. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye jiko. Ikiwa mtu huyo amekufa, ukoko na mwiko hutolewa sadaka kwa mpita njia, kama zinavyotolewa nguo za marehemu.

Basi Nassoro alijenga nyumba mpya mjini, akamhamisha mama yake. Alimtengenezea jiko la ndani, lenye vigae na gesi ya mtungi.

"Mama, leo umeachana na moshi," akamwambia kwa furaha.

Bi Mwanamvua akaingia, akapapasa. Akagonga kabati kwa paji la uso. Akanyoosha mkono kutafuta sufuria, akaushika moto ambao hakuusikia wala kuunusa. Alipofungwa kitambaa vidoleni alisema neno moja tu: "Sipiki." Akakaa mkekani sebuleni, akawa anapelekewa sahani ya kwanza kama mgeni wa heshima, na kila sahani ilimuuma.

Siku zile ndipo Saumu alipoletwa nyumbani, moyo umechoka, miguu imevimba. Ijumaa moja akamwambia mama yake, "Mama, nina hamu ya pilau yako."

"Sikudhani atakupikia."

"Ya Sikudhani naijua. Mimi nimesema yako."

"Mwanangu, mimi hapa ni mgeni. Mgeni hapiki."

Bi Mwanamvua alilijutia neno hilo, na kama yupo hai mpaka leo basi analijutia hata sasa.

Saumu hakuweza kubeba hata kata ya maji. Lakini kesho yake aliomba atandikiwe mkeka uani, akalala pale siku saba akimpangia mama yake jiko la uani. Alimwomba mama yake anyooshe mikono, achutame, ainuke, atembee kutoka mlangoni mpaka kwenye mchungwa. Alimwomba Sikudhani arushe majivu asubuhi na alasiri, wajue upepo unaupeleka moshi wapi. Kisha akaanza kuchora ramani. Ramani ya karatasi ingemfaa nini mtu asiyeona? Alichukua kamba ya katani, akaipiga mafundo. Fundo kubwa ni mafiga, mawili yaliyobanana ni mtungi wa maji, lenye kitambaa ni kuni. Mama yake akaipitisha vidoleni taratibu.

"Chumvi umeiweka mbali," akasema.

"Isogeze mwenyewe."

Bi Mwanamvua akalifungua lile fundo, akalifunga karibu zaidi, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka katika nyumba ile. Saumu naye alicheka mpaka pumzi zikamkata, wakalazimika kumwinua na kumpepea.

Nassoro aliitandaza kamba ardhini, akajenga. Mara ya kwanza aliinua jiko mpaka usawa wa kiuno, limenyooka, la kupendeza. Saumu akainua kichwa mkekani. "Vunja. Mama hupika ameketi kwenye kigoda." Akavunja. Mara ya pili alielekeza uwazi wa banda upande wa nyumba, ili wageni walione. "Vunja. Moshi utampiga usoni." Akavunja tena, na kwa fundi mwenye jina lake, kuvunja kazi yake mara mbili mbele ya majirani si jambo dogo. Ukuta ulipofika magotini mara ya tatu, Saumu akafariki. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na zege lilikuwa bado bichi.

Matanga yalipoanuliwa, siku ya tatu, Nassoro akakoroga udongo na saruji. Watu wakasema. Mnawajua watu. "Dada yake hata kaburi halijakauka, yeye anagonga nyundo! Kifo kimempa nafasi ya kupanua nyumba." Wengine walimwambia usoni, msikitini, mbele ya wazee. Nassoro alikuwa akijenga huku analia, tena kwa sauti, na anayejua fundi anavyokuwa kazini anaelewa ile haikuwa kawaida yake. Alifuata kamba fundo kwa fundo, akaezeka, akamaliza. Kisha akaenda kumwita mama yake.

"Jiko la nini?" Bi Mwanamvua akasema. "Aliyeomba pilau yuko wapi?"

Akageukia ukutani. Jiko likakaa bila moto, kuku wakaanza kulala humo.

Hapo ndipo Sikudhani alipofukuza kuku, akajifunga kitambaa machoni, akaingia jikoni kupika. Siku ya kwanza aliunguza kifundo cha mkono, ngozi ikatoka. Siku ya pili alijigonga kwenye nguzo akavimba paji la uso, na kesho yake akaivisha nguzo ile kigodoro. Alimwaga uji, akakosea chumvi na sukari, na mumewe akala bila kuuliza. Siku tisa alipika hivyo hivyo, mpaka akajua kila mahali panapoweza kumdhuru mtu asiyeona, akaparekebisha. Siku ya kumi alikaanga vitunguu, akaita kutoka uani:

"Mama! Hivi vimeiva au bado?"

"Vimeungua, epua!" Bi Mwanamvua akajibu kutoka chumbani, akajikasirikia kwa kujibu.

Kesho yake tena. "Mama! Na hivi?"

"Unavitesa bure. Punguza kuni!"

Siku ya tatu harufu ilimshinda. Aliinuka mwenyewe, akatoka akigombeza. Sikudhani hakumshika mkono. Alimtangulia tu akihesabu hatua kwa sauti. Bi Mwanamvua akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono wa kulia, ukafikia chumvi. Akanyoosha wa kushoto, ukafikia kuni. Kila kitu kilikuwa pale mkono ulipokitarajia. Alimlilia mwanawe pale kama hajawahi kumlilia, huku anakoroga vitunguu vya watu.

Na ndiye aliyepika pilau ya hitma ya arobaini ya Saumu, sufuria ya kwanza ya jiko lile, kwani mapishi ya Sikudhani yalikuwa ya vijungu tu vya kujifunzia. Alipalia makaa juu ya mfuniko kwa mkono wake. Watu walisoma, wakala, na wale wale waliosema wakaomba kuongezewa. Alasiri, wageni walipokwisha kwenda, aliupitisha mwiko chini ya sufuria, na ukoko ukabanduka mzima. Akauweka kwenye sinia, na mwiko pembeni, akawaita wawili waliobaki.

"Semeni kila mtu la moyoni," akawaambia. "Sitaki adabu leo."

Nassoro akasema, "Mpe Dada. Bila yeye ningejenga jiko la kufurahisha wapita njia. Mimi nilikuwa mikono yake tu."

Sikudhani akalisogelea sinia. "Mimi nitasema, mnichukie mkitaka. Wifi nilimwosha kwa mikono hii, na ninamlilia. Lakini mkimpa yeye, mwiko wa bibi yenu unakwenda kwa mtu asiyejua hata jina lake. Ukimpa mume wangu aliyetukanwa msikitini, Mama, sitanung'unika. Ila miaka tisa nimo ukooni mwenu, na hakuna kitu hata kimoja nilichoambiwa hiki ni chako."

"Kumbe ulikuwa unautaka mwiko," Nassoro akasema.

"Nilikuwa nataka Mama apike. Na mwiko nautaka. Yote mawili ni kweli."

Bi Mwanamvua akaupapasa mkono wa mkwewe, akaligusa kovu lililokuwa bado halijakomaa. Akaushika mkono wa mwanawe, mgumu kwa saruji. Akatafuta mkono wa tatu wa kushika.

"Ninyi wawili mmekula leo," akasema. "Yeye peke yake ndiye aliyeniomba, na mimi nikamnyima."

Nassoro akainamisha kichwa. Sikudhani akabaki pale pale.

Hapo ndipo hadithi iliponikatikia. Nimeisimulia mahali pengi na watu wamegombana mpaka kahawa ikapoa. Asije mtu akaniambia wagawane, nimeshawaambia ukoko huo haugawanywi. Wala msiniambie mama ale mwenyewe, maana desturi humpa aliyefanya jiko lipatikane, si mpishi. Mmoja alilipanga jiko akijua hatalila tunda lake. Mmoja alilijenga na matusi ya watu mgongoni. Mmoja alijipofusha ili mwenzake aone pa kupita. Mtoe yeyote kati yao, na pilau ile haikupikwa.

Ukoko unapoa, na mama amelinyoosha sinia, hajui aliyesimama mbele yake ni Nassoro, ni Sikudhani, au ni mpita njia. Je, wewe ungempa nani?