Kwa Nini Kivuli Kimejifunika

Mnaninung'unikia kwamba vichwa vimekauka, kitambaa kipo mapajani tangu asubuhi na mshono hauji. Haya, wekeni mikasi chini mnisikilize. Na wewe Tunu, acha kuililia hiyo shingo ya gauni, haijafa. Nitawaeleza kwa nini fundi huhangaika hivi, na kwa nini kivuli chako ni cheusi.

Ulikuwepo wakati ambapo vivuli havikuwa vyeusi. Kila kivuli kilivaa, tena kwa rangi na nakshi, ila hakikuvaa nguo ambayo mwenyewe alikuwa nayo mwilini. Kilivaa nguo yake ijayo. Ukitaka nguo mpya ulikwenda kwa fundi, ukasimama juani mbele ya ukuta wake mweupe, naye akakitazama kivuli chako na kukata alichokiona. Hakuna aliyeumiza kichwa, hakuna aliyefumua. Nguo ilitoka vilevile ilivyoonekana, ikamkaa mtu sawasawa, na fundi akaenda kula chakula chake cha mchana kwa raha. Msinitazame kwa kijicho, ngojeni kwanza nimalize.

Watu wa wakati ule walikuwa na desturi moja wasiyoijua sababu yake. Mgonjwa akizidiwa aliingizwa ndani na dirisha likazibwa kwa mkeka, kivuli chake kisianguke popote. Watu waliambiwa kwamba jua lingemuumiza. Waosha maiti peke yao ndio walioujua ukweli, nao walinyamaza.

Basi palikuwa na fundi mmoja akiitwa Mize, na kwa kusoma vivuli hakuwa na mpinzani mjini. Alimlea mdogo wake Mwatime tangu mama yao alipofariki, na sasa Mwatime alikuwa ameposwa. Harusi ilipokaribia, Mize alimsimamisha mbele ya ukuta aone bibi harusi atavaa nini.

Kivuli kilivaa nyeupe tupu. Nguo ile haikuwa na mikono wala kola wala kifungo, na kitambaa kilikatika tu bila pindo. Ilikizunguka kutoka kichwani hadi miguuni, na juu ya utosi imefungwa kwa ukanda mwembamba wa kitambaa kilekile. Mize hakupata kuona mshono kama ule maishani mwake. Alipiga kigelegele.

"Mdogo wangu, watu watabaki vinywa wazi! Mshono huu mjini haupo."

"Mbona hauna mikono, dada?"

"Ndiyo uzuri wake."

Asiye fundi angeshtuka. Lakini fundi akiona mshono mpya hashtuki, anatafuta mkasi. Mize alitoa jora la bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, akalitandaza ukumbini na kuanza kukata huku akiimba.

Alikuwa hajamaliza alipopita Bi Mboja, mwosha maiti wa mtaa ule, akitoka kisimani. Mize alimwamkia, "Shikamoo, Bi Mboja." Bi Mboja hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye bafta.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Hajafariki mtu. Ni nguo ya harusi ya Mwatime. Kivuli chake ndicho kilichovaa hivi."

Bi Mboja alitua mtungi wake na kukaa sakafuni. "Mwanangu, hiyo ni sanda," alisema. "Na umeikata vizuri. Hata mimi sikati vizuri hivyo."

Akamweleza yale ambayo waosha hawakuwa wakiyasema. Kivuli cha anayeondoka huvaa sanda kabla yake. Kwanza hufungwa kichwani, kisha kiunoni, na mwisho miguuni. Kikishafungwa miguuni, mwenyewe haamki tena. Mize alimshika mikono yule mama akimwomba dawa. Bi Mboja alisema dawa haijui, ila jambo moja tu ana hakika nalo, kwamba hajaona hata mara moja mtu aliyevaa nguo ambayo kivuli chake hakikuivaa kwanza.

Maneno hayo yalimkaa Mize moyoni. Kama Mwatime angevaa nguo ambayo hakuna kivuli kilichopata kuivaa, labda kivuli chake kingelazimika kuivua ile. Alikaa na bafta mapajani na sindano mkononi. Hapo ndipo fundi wa kwanza duniani alipokitazama kitambaa asijue aanzie wapi.

Alianza kwa kukumbuka. Alishona gauni kama lile alilowahi kumshonea mke wa kadhi, akamvika Mwatime na kumsimamisha ukutani. Kivuli kilibaki na sanda yake, kwa kuwa mshono ule ulitoka kwa vivuli na vivuli havikushangazwa na mali yao. Mize alifumua. Kesho yake aliamka na wazo lililomfanya acheke peke yake, akashona mikono ikimtangulia, hata uji ukapoa. Alipoikunjua nguo akaona ni gauni lilelile la mke wa kadhi, ila amegeuza nyuma mbele. Nyinyi mnaijua aibu hiyo. Aliitupa ukutani akalia kwa hasira, kisha akaiokota akafumua tena.

Kivuli nacho kilikuwa kimekwisha kufungwa kiunoni, tena kilianza kuacha utii. Mwatime alisimama uani akichana nywele, lakini ukutani kivuli chake hakikuchana nywele. Kilikuwa kimelala, kimejinyoosha kwa ubavu wa kulia, kimya. Mwatime alipoondoka, kilibaki palepale kidogo ndipo kikamfuata, kikiburuzwa. Tangu hapo hakucheka tena.

"Dada, nasikia baridi miguuni," alisema, na jua likiwaka.

Mize aliogopa vibaya mno. Katika hofu ile akafanya jambo ambalo fundi hakuwa akilifanya. Aliupa ukuta mgongo, akamketisha Mwatime mbele yake, akamtazama yeye mwenyewe. Aliona bega la kushoto lililoshuka kwa kubeba mitungi. Aliona kovu la moto shingoni ambalo msichana hulifunika kwa kiganja akizungumza na wageni. Alikumbuka hatua zake ndefu zilizomfanya achane kila gauni pembeni. Alikumbuka pia kwamba mtoto huyu, mama yao alipofariki, alilala kwa muda mrefu akikumbatia kisutu, ile kanga ya harusi ya marehemu. Mize alifungua sanduku, akakitoa kisutu kile chekundu, na kwa uchungu akatia mkasi.

Alianza na pindo, maana sanda haina pindo. Alikunja pembe ya bafta akaishona kwa uzi mwekundu. Mkono wa kushoto aliutia marinda uliinue lile bega, shingo akaipandisha ilifunike kovu, na pembeni akatia vipande vya kisutu nguo ipate kupanuka. Mishono ilikwenda upande kwa kuwa hapakuwa na kivuli cha kufuata. Alifumua, akashona, akafumua, mpaka bafta ikaota vinyweleo. Hakuna aliyemwambia kama anapatia.

Jua lilipofika utosini, vivuli vyote vilirudi miguuni mwa wenyewe. Mwatime alitaka kuinuka asiweze, nyayo zimeshikamana kana kwamba zimefungwa kamba. Macho yake yalianza kujifumba. Mize alimvika ile nguo kwa kumwingizia kichwani, sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye pindo, akaukata uzi kwa meno.

Bi Mboja na majirani waliokuwa wamekusanyika uani walisikia bafta ikichanika, sauti ndefu kutoka utosini hadi ardhini, wala hakuna aliyekuwa ameshika kitambaa. Chini ya miguu ya Mwatime kitu kilihangaika kutafuta mikono ya nguo kisiyoijua. Halafu kikatulia. Mwatime akavuta pumzi, akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Jua liliposogea, kivuli kilitoka chini yake kikiwa cheusi tii. Mayowe yalisikika toka sokoni na misikitini, kwa kuwa vivuli vya mji mzima vilikuwa vimegeuka hivyohivyo.

"Vimevua," alisema Mize.

Bi Mboja alitikisa kichwa. "Havikuvua, mwanangu. Vimejifunika tu, tusione vilichovaa tukavitangulia tena."

Siku ya harusi wanawake walinong'onezana juu ya lile gauni lenye mkono mmoja mnene na pindo lililokwenda upande. Mwatime alicheza hadi jasho likamtoka. Aliishi akazaa, akazeeka, na yeye ndiye aliyekuja kumfumba Mize macho.

Na tangu siku hiyo vivuli ni vyeusi, na fundi hana wa kumwonyesha. Kabla ya lolote hukunja pembe ya kitambaa akashona pindo dogo, kitambaa kijue kwamba ni cha mtu aliye hai. Kisha humtazama mteja, akahangaika, akafurahi asubuhi na kufumua jioni. Mimi alasiri hukaa kibarazani nikakitazama kivuli changu, kimekuwa kirefu siku hizi. Sijui kimevaa nini, nami nashukuru kwamba sijui.

Haya Tunu, fumua hiyo shingo uanze upya.