Salamu ya Jana

Salamu ya jana haijui msiba wa leo. Ndivyo Mama Tumaini wa genge alivyomwambia mjukuu wangu Mwajabu asubuhi hii, na Mwajabu akarudi nyumbani amenuna, akidhani ametukanwa. Wenzake wawili waliokuja kumsaidia kupiga picha za viatu anavyouza mtandaoni nao wakaniuliza, "Bibi, hiyo ni methali ya wapi? Shuleni hatukufundishwa."

Hamkufundishwa kwa sababu bado haijafikisha umri wa kwenda shule. Ni ya hapahapa Mbaghai, na mimi nilikuwepo ilipozaliwa. Sogezeni hivyo viatu mkae. Methali hii ilianza hivi.

Mnamjua Sauda mwoka keki, mwenye duka la mlango wa kijani karibu na mashine ya kusaga. Keki zake ni nzuri, nasema hivyo mimi ambaye si mwepesi wa kusifu. Lakini zamani ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa kama mvua za vuli. Angeposti siku tatu mfululizo, kisha mwezi mzima kimya, mpaka watu wanauliza kama duka bado lipo. Akija kukumbuka, anaweka picha kumi kwa mpigo, na hakuna anayezitazama.

Basi akaja mtaalamu mmoja kutoka mjini kuwafundisha wafanyabiashara wadogo. Akawaambia wachague saa moja wasiyoikosa, wawasalimu wateja kila siku saa hiyohiyo, kwa kuwa mteja akizoea kukukuta atarudi. Na kwa vile mwenye duka ana mambo mengi, akawaonyesha namna ya kuandika salamu za wiki nzima Jumapili moja na kuzipanga, zikawa zinajituma zenyewe kila siku inapofika. Ushauri haukuwa mbaya, msije mkasema bibi yenu anachukia simu. Simu ninayo na bando ninalo.

Sauda aliushika ushauri ule kwa mikono miwili, na akaongeza lake. Kila asubuhi saa moja kamili aliweka picha ya mtu mmoja wa hapa Mbaghai akila keki, akaandika, "Mteja wetu wa leo." Leo mwalimu wa madrasa, kesho muuza ndizi, keshokutwa mimi mwenyewe, mdomo umejaa. Wana wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na Morogoro wakaupenda mno ukurasa ule. Kabla hawajanywa chai walikuwa wameshautazama, wajue leo ni nani wa nyumbani. Wakaanza kuagiza keki kutoka hukohuko mama zao wapelekewe. Sauda akaajiri mwanamke wa kumsaidia, na duka likapakwa rangi.

Sasa, kati ya waliokuwa hawakosi kuutazama alikuwa Hidaya, mwenye duka la vitambaa Morogoro, binti wa Mzee Kibacha wa hapa kwetu. Hidaya na kaka yake Twaha hawakuwa wakielewana. Mwaka mmoja kabla, Twaha alimpigia simu kwamba baba yao amezidiwa, Hidaya akafunga duka akaja mbio, na alipofika akamkuta baba anapalilia migomba. Kumbe Hidaya alikuwa ameitwa kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba, na Twaha alijua kwamba angemwambia ukweli asingekuja. Hidaya aliondoka kesho yake bila kumuaga kaka yake.

Kisha ikaja Alhamisi moja, Mzee Kibacha akarudi kutoka shambani mchana, akasema kifua kinambana. Alilala, na magharibi haikumkuta. Hapakuwa na ugonjwa wa kuuguza wala muda wa kuita watu. Shehe akasema atazikwa Ijumaa, baada ya swala ya alasiri.

Mnajua desturi yetu. Ndugu aliye mbali hapewi habari ya kifo kwa simu. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, aje. Akifika akaona turubai na watu wamekaa, macho yake ndiyo yatakayomwambia, na hapo mikono ya kumshika ipo tayari. Twaha akafuata desturi. Akampigia dada yake jioni ileile, akasema, "Baba hali si nzuri. Panda basi la alfajiri." Hidaya alisita, lakini baba ni baba. Alfajiri akapanda.

Sauda naye alifanya kila linalompasa jirani. Alipopata habari tu alifunga duka, akaja msibani na kanga zake mbili. Sisi kwenye misiba simu hatuchezei, ni utovu wa adabu, kwa hiyo aliizima akaitia kwenye kikapu chini ya kanga. Asubuhi ya Ijumaa alikuwa jikoni nami, tunamenya ndizi za wageni. Alikuwa anamlilia Mzee Kibacha kwa machozi ya kweli.

Nikaona wanawake wanamtazama vibaya. Mmoja aliondoka alipokuwa amekaa akaenda kukaa kwingine. Mwingine akanong'ona, "Na bado anathubutu kulia." Mimi sikuelewa, na Sauda hakuona, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye beseni.

Kwenye saa tatu na nusu Twaha akaja jikoni. Alikuwa ametoka kuchimba kaburi, mikono ina udongo, na ndipo alipokuwa ameishika simu yake kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Akasimama mlangoni, akasoma ujumbe kwa sauti ili sote tusikie.

"Kaka, nimemwona baba kwa Sauda asubuhi hii, anakula keki. Mwaka jana ulinidanganya hivihivi. Nimeshuka Chalinze, narudi dukani kwangu. Siku baba akiumwa kweli, mwambie Sauda anijulishe."

Sauda aliinua kichwa. "Mimi? Mimi niko hapa tangu jana. Simu yangu nimeizima."

Nikaenda kuichukua simu yangu, nikafungua ukurasa wake, nikampa. Picha ilikuwa ya Mzee Kibacha, anacheka na meno yake matatu, krimu kwenye ndevu. Chini yake maneno: "Ijumaa njema, wapendwa! Mteja wetu wa leo ni Mzee Kibacha. Hajambo, anacheka, na ameanza siku yake kwa keki ya Sauda. Wewe je?" Saa moja kamili. Kumbe simu ukiizima, salamu uliyokwisha kuipanga haizimiki. Aliyaandika hayo Jumapili, ameketi na chai yake, akaisemea Ijumaa kana kwamba ameshaiona. Hata inshallah hakuweka.

Sauda akanirudishia simu. "Mzee nilimpiga picha mwezi uliopita," akasema. "Mwezi uliopita, Bi Zaina." Alikuwa ananiambia mimi kana kwamba mimi ndiye ningeweza kuurudisha.

Twaha akasema, "Ngoja nimpigie."

"Hatakuamini, kaka Twaha," Sauda akamjibu. "Wewe alishakuona mwongo. Mimi ndiye anayeniamini, na mimi ndiye niliyemdanganya. Acha nimwambie mimi."

Hapo shangazi yao, dada wa marehemu, akainuka. "Haiwezekani. Kifo hakisemwi kwa simu, tena na mtu baki. Mwambieni tu aje."

"Ameshaambiwa aje," nikasema, "na ameshuka njiani. Mwenzangu, desturi hiyo tuliiweka ili kumkinga mtoto na uchungu. Leo inamkinga na baba yake."

Shangazi akajifunga kanga vizuri, akakaa.

Sauda akaiwasha simu yake, akapiga. Hakuweka sauti ya nje, lakini jiko zima lilikuwa kimya, na sauti ya Hidaya ilikuwa kubwa. Alikuwa ameshafika dukani kwake.

"Sauda! Umeniondolea mashaka leo, mwenzangu. Wangenisafirisha bure tena."

"Dada Hidaya, ile picha si ya leo."

"Ya lini?"

"Ya mwezi uliopita. Na yale maneno niliyaandika Jumapili."

"Lakini umeandika ameanza siku yake. Siku gani, sasa?"

Sauda akauliza, "Uko na nani hapo?"

"Yuko jirani yangu, mshonaji. Kwa nini?"

"Mwite akae karibu yako."

Tulimsikia akimwita mshonaji. Kisha Hidaya akasema taratibu, "Sauda, niambie."

"Mzee alituacha jana jioni, dada. Anazikwa leo alasiri. Pole. Pole sana, nisamehe."

Tulisikia kitu kikianguka upande wa pili, halafu sauti ya mwanamke mwingine ikisema, shika hapa, shika hapa. Jikoni kwetu watu wakaanza kulia upya, na wale waliokuwa wamemkalia Sauda mbali wakasogea.

Shehe alipoambiwa, alisema, "Tutamsubiri mpaka mwisho wa alasiri. Zaidi ya hapo tunamchelewesha mwenye safari yake." Hesabu ilikuwa rahisi na haikutufaa. Lile basi la alfajiri lingemfikisha hapa saa nane mchana. Basi alilolipata lilitoka Morogoro saa nne na nusu, na baada ya hapo kulikuwa bado na huu mlima wetu wa kupanda. Twaha akampeleka mwenye pikipiki akamngoje chini barabarani. Sisi tukakaa. Kila injini iliyosikika kwenye kona, Sauda alisimama.

Saa kumi na moja shehe akasimama mbele ya jeneza, akasubiri kidogo zaidi, kisha akatoa ishara. Wakambeba Mzee Kibacha. Hidaya alifika wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe yao. Alishuka kwenye pikipiki akamwona Twaha ana jembe begani, na hakuna aliyehitaji kumwambia neno. Twaha alilitupa jembe akamkumbatia dada yake, na ugomvi wao uliishia hapo njiani. Mnaweza kusema hilo ni jema. Lakini uso wa baba yake hakuuona.

Siku tatu Hidaya hakumsemesha Sauda, na Sauda hakuondoka msibani. Alichota maji, akaosha masufuria, akapokea wageni. Usoni alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nawaonea uchungu wote wawili kwa pamoja. Siku ya tatu, baada ya hitima, alimpelekea Hidaya kikombe cha chai mkekani, akapiga magoti.

"Dada, ule ukurasa nitaufuta," akasema. "Kuanzia leo nitauza kwa wanaopita mlangoni tu."

Hidaya akakipokea kikombe.

"Usiufute," akasema mwishowe. "Sisi tulioko mbali tutaijua wapi habari ya nyumbani? Sina ugomvi nawe, Sauda. Ulinisalimia vizuri. Ila salamu ya jana haijui msiba wa leo."

Neno hilo alilisema polepole, si kwa hasira, na wanawake wote pale mkekani wakalisikia. Jioni ile lilikuwa limefika sokoni. Baada ya mwezi ulilisikia kwa mafundi cherehani, kwa wauza simu, kwa kila mwenye kitu cha kutangaza.

Sauda hakuufuta ukurasa. Picha bado anazipiga mapema na kuziweka tayari, hakuna ubaya, hata unga huchungwa jana. Salamu ndiyo haiandiki jana. Kila asubuhi hufungua mlango wake, hutoka barabarani, humuuliza mwenye mashine ya kusaga mji umeamkaje, ndipo huandika. Kuna siku salamu inatoka saa mbili badala ya saa moja, na hakuna mteja aliyemkimbia kwa hilo. Kuna siku huandika tu, "Leo tuna msiba kwa fulani. Duka limefungwa." Wana wetu walioko mbali humshukuru kuliko siku za keki.

Sasa turudi kwako, Mwajabu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, genge la Mama Tumaini limeingia maji, nyanya zake zinaelea. Yeye anachota maji kwa ndoo, simu yake inalia, anaifungua, anakukuta wewe: "Jua limetoka, majirani! Vaa sendo zako tutoke!" Uliiandika lini hiyo? Usinijibu, naona unavyoitazama simu. Shukuru kwamba leo ni nyanya tu.

Na kabla hujafuta zile za kesho na keshokutwa, nikwambie jambo moja. Hidaya anakuja hapa kila mwaka kumzuru baba yake kaburini, na hupita kwangu. Mwaka huu aliniambia kwamba hata ajitahidi vipi, akiikumbuka Ijumaa ile, baba yake anamjia anacheka, ana krimu kwenye ndevu, hajambo. Watu wote walimzika siku hiyo. Yeye peke yake alimwona anakula keki. Nendeni mkauze viatu vyenu, wanangu, na Mungu awape wateja. Lakini kabla ya kusalimu, fungueni mlango kwanza mtazame nje. Salamu ya jana haijui msiba wa leo.