Alama Chini ya Rangi

Wapo wanaodhani kuwa mtu asiyesema hana la kusema. Wahenga hawakuwa wepesi hivyo. Walituonya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Asiyeamini na amwulize Mama Pacha, msusi wa nywele, mke wa Fundi Brashi.

Fundi Brashi alikuwa mpaka rangi wa majengo, na kabla ya ajali alikuwa mcheshi wa kuvunja watu mbavu. Asubuhi moja alipanda ngazi ya chuma kupaka dari ya ghala. Kidato kikakatika, akaanguka na kugonga kichwa kwenye sakafu ya saruji. Alilala hospitalini wiki saba. Aliporudi nyumbani alitembea, alikula, aliwatambua wanawe, lakini maneno yalikuwa yamemtoroka. Daktari alisema ubongo umeumia, ila maneno yangeweza kurudi kidogo kidogo, mradi asikose mazoezi ya kuongea kila wiki. Mkandarasi aliyemwajiri aliyagharimia mazoezi hayo kwa mwezi mmoja, kisha akatuma karatasi.

Karatasi ililetwa na msimamizi wa kazi, mtu mwenye tabasamu la kuazima.

"Shemeji, tia saini hapo chini tuyamalize kindugu," alisema. "Tajiri atawapa kifuta jasho."

Mama Pacha aliisoma. Ilisema kuwa fundi aliteleza kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba familia haitadai chochote tena. Kibanda chake cha ususi kilikuwa kimefungwa tangu mume augue, na mama huyo alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Alishika kalamu.

Pembeni yake Fundi Brashi alikuwa akikwangua rangi ya meza kwa ukucha. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu atoke hospitalini: alikwangua mlango, kabati, hata kitanda cha pacha, mpaka nyumba nzima ikawa kama ina upele.

"Baba Pacha, acha meza ya watu," mkewe alimkanya.

Akaiacha. Akaweka kiganja chake juu ya ile karatasi, akakataa kukiondoa.

"Msogeze tu mkono," msimamizi alicheka. "Maskini, hajui analofanya."

Neno hilo lilimchoma Mama Pacha kama pasi ya moto. Alirudisha kalamu mezani. "Anajua. Nenda kamwambie tajiri wako bado tunasoma."

Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria, chumba chenye feni mbovu na mafaili hadi dirishani. Wakili wa hapo, binti mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, milango yako ni mitatu," alisema. "Unaweza kudai fidia ya kuumia kazini, mkapatana nje ya mahakama, au tukamshtaki mkandarasi kwa uzembe. Ukitia saini hapa, umeifunga yote kwa mkono wako. Na usikawie, sheria ina muda wake."

"Watasema mume wangu ndiye mzembe. Na yeye hawezi kujitetea, mwanangu. Nitamsemea mimi."

"Utasema ya nyumbani. Ya ngazi, huyajui. Hukuwepo."

Mama Pacha aliumia, maana kusema kulikuwa kipaji chake. Lakini alichagua mlango wa tatu.

Siku ya kesi, mafundi wenzake Fundi Brashi walijaa kwenye mabenchi ya nyuma. Upande wa mkandarasi ulileta ngazi yenyewe, kidato kimoja kikining'inia. Msimamizi aliapa, akasema ngazi ilikuwa nzima mpaka fundi alipoipanda na ndoo mbili kwa pupa.

"Iliwahi kupakwa rangi upya?" yule binti wakili aliuliza, akiichunguza rangi ya kidato kile.

"Haijawahi. Iko vilevile tangu itoke dukani."

Fundi Brashi akasimama. Mkewe naye akasimama upesi. "Mheshimiwa, mume wangu hasemi, mimi naomba..."

"Keti, mama," hakimu alisema. "Ngoja tumwone anataka nini."

Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya mwaka ule, lakini aliketi, akafumba mdomo. Fundi alionyesha ngazi kwa kidole. Hakimu akaitikia kwa kichwa. Fundi akasogea taratibu, akashika kile kidato kilichokatika, akaanza kukwangua kwa ukucha. Rangi ya kijivu ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake ikatokea duara jekundu lenye mstari katikati.

Minong'ono ikapanda nyuma. Kila fundi aliijua alama ile. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyebandika amri kwenye mlango wa stoo: chombo chenye duara jekundu kisiguswe mpaka kitengenezwe.

"Nani aliyeifunika?" wakili aliuliza.

Msimamizi aliitupia ngazi jicho. "Kazi ilikuwa imechelewa... tungesimama siku nzima kungoja ngazi nyingine."

Alijua kuwafokea wapaka rangi, lakini kupaka hakujua. Alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, kosa ambalo hata mwanagenzi wa wiki moja halifanyi, kwa kuwa haishiki. Siku ya ajali ilianza kumenyeka chini ya kiganja cha Fundi Brashi kule juu. Aliona wekundu, akaijua alama yake, na hapo hapo kidato kikaachia. Miezi yote ile ya kukwangua nyumba alikuwa akitoa ushahidi.

Fundi aligeuka kwa hakimu. Midomo ilitetemeka, shingo ikakaza. "Nilitia... alama," alisema. "Mimi."

Mama Pacha alilia waziwazi, wala hakujali nani anamtazama.

Hukumu haikuyumba. Fundi hakuwa na kosa hata chembe. Mzembe ni mkandarasi, na atagharimia matibabu na mazoezi ya kuongea mpaka daktari aseme basi, pamoja na fidia ya kazi aliyoipoteza mgonjwa. Mafundi walimtoa mwenzao nje wamembeba mabegani.

Mama Pacha alifuata nyuma, kakosa la kusema kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mumewe alimtazama kutoka juu, na ule ucheshi wa zamani ukamrudia machoni.

"Mbona... kimya?" akamwuliza.

Msimamizi, aliyekuwa akiteremka ngazi za mahakama ameinamisha kichwa, alilisikia swali hilo, na bila shaka alijua jibu lake kuliko mtu yeyote pale: kimya kingi kina mshindo mkuu.