Fisi na Ngoma ya Rangi Tatu

Mwaka ambao Mto Kisuguru ulikauka hadi kambare wakafia topeni, ilibaki njia moja tu: wanyama wote wakusanyike wachimbe kisima. Lakini wengi walikuwa wamehamia ng'ambo ya mlima, na sauti pekee iliyoweza kuwafikia huko ni ya ngoma ya Simba. Ngoma hiyo ni vumi, ngoma kubwa ya mvumo mzito, si chapuo, kile kingoma kidogo, kama waitavyo wasiojua. Lakini jua lilikuwa limeipasua ngozi yake.

Mjane wa Nyati akatoa ngozi ya marehemu mumewe, aliyekufa kwa kiu. Fisi akajitolea kuiwamba. Fisi! Na wakamwachia.

Siku ya tatu akaileta ngoma imepakwa rangi tele: nyekundu ya ngeu, nyeupe ya chokaa, nyeusi ya masizi. Simba akaipiga. Ko!

"Mbona haivumi?"

"Bwana Mkubwa, hii husikika kwa macho," akajibu Fisi. "Wekundu ni vumo, weupe ni zumari, weusi ni pale mwimbaji anapovuta pumzi. Wanaohitaji masikio ni washamba."

Simba hakutaka kuwa mshamba. Akaikodolea macho, akatikisa kichwa kwa madaha. "Naam. Zumari hasa. Tamu sana."

Sungura akakohoa. "Hata mimi naiona, Bwana. Ila Tembo yuko nyuma ya mlima. Yeye ataionaje?"

"Nyamaza, we masikio!" Fisi akafoka.

"Nimenyamaza, kaka. Lakini tangu lini ngoma ikapigwa bila kupashwa moto? Hata nyani hukaza ngozi motoni kwanza."

"Moto utaharibu wimbo!"

"Kwa hiyo Bwana wetu ashindwe adabu na nyani?"

Simba akaamuru nyasi ziwashwe. Rangi ikabanduka, chini yake gome la mti likajikunja, likashika moto.

"Ngozi ya mume wangu iko wapi?" akalia mjane.

"Ipo, shemeji," akasema Sungura, akilitazama tumbo la Fisi. "Imewambwa vizuri sana. Tulikosea ngoma tu."

Basi wakaipiga hiyo. Simba, kwa aibu ya zumari lake, akapiga kuliko wote. Mayowe ya Fisi yakavuka mlima. Tembo na wenzake wakaja mbio, na kisima kikachimbwa. Fisi alikunywa wa mwisho, na alichokunywa ni tope.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.