Jina la Kuchonga Nyuma ya Ubao

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mababu, maana simu zilikuwepo na bando lilikuwa likiisha katikati ya maneno kama linavyoisha leo, palikuwa na dada mmoja pale Muheza aliyeitwa Tunu. Tunu aliuza dawa katika duka la karibu na stendi, na Mungu alimjalia kichwa kisichosahau. Jina la dawa akilisikia mara moja, limekwisha kuingia. Utotoni madrasa alihifadhi upesi mno hata mwalimu akamwomba apunguze mwendo, wenzake wasije wakakata tamaa.

Na Tunu alipenda sataranji, yaani chesi. Aliipenda kuliko wali wa nazi, na waliomjua wanajua uzito wa maneno hayo. Alitaka jambo moja tu duniani: kushinda mashindano ya mkoa. Na alitaka kushinda kwa sababu ya ubao.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kesi. Ubao wenyewe wa kuchezea ni wa mninga, mzito, umesuguliwa ukasuguika. Anayeshinda anapewa ubao huo, lakini desturi ya wachezaji wa huko haimruhusu kwenda nao kwake. Papo hapo, mbele ya watu, anamkabidhi aliyemfundisha, na fundi aliyekaa tayari na patasi yake anachonga jina la mwalimu huyo nyuma ya ubao. Jina moja. Si mawili, si "fulani na wenzake". Mwalimu anakaa na ubao mpaka mashindano yajayo, na kila anayeanza kujifunza mkoani anaanzia kwake, juu ya ubao ule ule. Desturi hiyo imeshagombanisha watu na mashemeji zao, na hakuna aliyethubutu kuibadili.

Haya. Tunu alikuwa na rafiki, Hemedi Semboja, fundi simu aliyejua pia kuandika programu za kompyuta. Hemedi akamtengenezea programu ya kujifunzia ufunguzi, yaani zile hatua za mwanzo za mchezo, kabla vita havijachanganya. Akaiita Bingwa. Bingwa inacheza hatua, inangoja. Tunu akijibu kama ilivyoandikwa, kioo kinakuwa kijani. Akijibu vingine, kengele inalia, ngriii! na hatua yake inafutwa.

Tunu akajibu, kijani. Akajibu, kijani. Akajibu, ngriii! Akarudia, kijani. Kabla mvua za vuli hazijakatika, kengele ilikuwa imenyamaza kabisa.

"Umeimaliza programu, dada," Hemedi akasema. "Nenda kachukue ubao."

Tunu akaenda Tanga mjini. Akacheza, akashinda, akacheza, akashinda, akakutana na Shaweji. Huyu Shaweji alikuwa kijana mrefu wa pale pale mjini, mwenye tabia ya kucheza huku anatafuna karanga. Hatua za kwanza zikaenda kama kitabu kinavyosema. Kisha, pale alipotakiwa kumtoa farasi, Shaweji akamsogeza askari wa pembeni kabisa, askari asiye na kazi yoyote.

Na Tunu akafanya nini? Akajibu kana kwamba farasi ametoka! Mikono yake ilikuwa inasoma, haimtazami mtu. Akajenga ulinzi dhidi ya farasi ambaye bado alikuwa amelala zizini, malkia wake akabaki wazi, akaliwa. Tunu akashindwa.

Shaweji akampa mkono. "Dada Tunu, unacheza vizuri sana mpaka kitabu kiishe."

Maneno yale yalimchoma kuliko kushindwa kwenyewe. Akarudi Muheza kwa shangazi yake, Bi Sauda, aliyemlea na aliyekuwa akifundisha sayansi kimu sekondari, yaani mapishi na mambo ya nyumbani. Sataranji Bi Sauda hakuijua. Mpaka leo hajui farasi anarukaje. Lakini alimsikia Tunu akizikariri hatua jikoni huku anakuna nazi: farasi anatoka, tembo anatoka, mfalme anajificha.

"Kwa nini anajificha?" shangazi akauliza.

"Ndivyo ilivyo, shangazi."

"Ndivyo ilivyo si jibu. Nilikuwa na mwanafunzi, alikariri pilau yangu neno kwa neno. Siku ya mtihani iliki ikakosekana. Mtoto akakaa mbele ya sufuria akalia, na mchele upo, na nyama ipo! Mwambie huyo Hemedi wako mashine yake iwe inauliza kwa nini."

"Si Hemedi wangu, shangazi."

"Hilo sikuuliza."

Hemedi akakataa. Akasema mashine inajua nini kichezwe, haijui kwa nini. Akakataa leo, akakataa kesho, mpaka Bi Sauda alipompelekea ujumbe wa sauti mrefu ambao Hemedi, kwa adabu, aliusikiliza amesimama. Akakubali. Akakaa na vitabu vya sataranji akitafuta sababu ya kila hatua, na Bingwa ikabadilika. Sasa Tunu akicheza, Bingwa inauliza: kwa nini? Na inampa majibu achague: kushika kati, kufungua njia, kumficha mfalme.

Tunu akajibu, kijani. Akajibu, kijani. Akajibu, ngriii! Akarudia, kijani. Kengele ikanyamaza tena.

Akaenda tena Tanga kwenye mashindano yaliyofuata. Akacheza, akashinda, akacheza, akashinda, akakutana na Shaweji na karanga zake. Shaweji akamsogeza askari wa pembeni, safari hii wa upande wa pili. Tunu akajiuliza kwa nini, kama alivyofundishwa. Na kile kichwa chake kisichosahau kikamletea upesi, tena bila kukosea herufi, sababu ya hatua nyingine ambayo Shaweji hakuicheza. Tunu akashindwa.

Shaweji akamuuliza alikuwa anawaza nini, akaelezwa, akacheka mpaka karanga zikampalia. "Lo! Umekariri mpaka sababu!"

Tunu alikasirika, na hasira ile ilimfaa. "Kama unajua sana, njoo Muheza unifundishe."

"Mimi? Nimfundishe mpinzani wangu?"

"Na wewe utaitumia programu yetu inayouliza sababu."

Shaweji akatafuna, akafikiri. "Nitakuja. Lakini siji kwa huruma, tuelewane. Mimi ninacheza kwa kunusa tu. Nataka na mimi nizijue hizo sababu zenu."

Akawa anakuja kila Jumamosi, na kazi yake ilikuwa moja, kuiharibu Bingwa. "Hapa mimi ningefanya upuuzi huu." "Hapa ningemtoa malkia mapema. Ni kosa, lakini linatisha." Hemedi akayaingiza yote. Bingwa ikawa inacheza kama kitabu, halafu ghafla inakiacha kitabu njiani. Kisha Hemedi akafanya jambo lililomuuma, maana kengele ile aliirekodi mwenyewe na aliipenda. Akaiondoa. Akafuta na yale majibu ya kuchagua.

"Sasa utaandika sababu kwa maneno yako," akamwambia Tunu. "Ukikosea, sikuzuii. Endelea, uone kosa lako linakupeleka wapi."

Lilimpeleka pabaya! Tunu alishindwa asubuhi, akashindwa jioni, na hapakuwa na kijani cha kumliwaza. Alitaka kuacha. Halafu, polepole, akaanza kufurahi, na hakujua furaha imeingia lini. Akamwambia shangazi kwamba kete zimeanza kuonekana kama watu wenye haja zao, huyu anataka nafasi, yule amebanwa, mwingine anaogopa tu.

"Afadhali," akasema Bi Sauda. "Ukishawasikiliza shida zao, vyombo vinakungoja."

Mashindano yakafika. Akaenda, akacheza, akashinda, akacheza, akashinda, na katika fainali akamkuta nani? Shaweji. Safari hii mfukoni hana karanga, na nyuma yake amekaa mama yake mzazi, amevaa leso mpya.

Shaweji alijua kila alichomfundisha Tunu. Kwa hiyo alicheza hatua ambayo haikuwamo kitabuni, haikuwamo katika Bingwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuicheza. Alimtoa farasi wake mpaka ukingoni mwa ubao. Watu wakaguna.

Tunu akaiweka mikono mapajani. Akauliza moyoni: huyu farasi anataka nini? Akatazama. Akatazama tena. Anataka niogope, basi. Hana kingine. Na wakati anazurura huko ukingoni, mfalme wake amekaa katikati, mlango wazi.

Tunu akapiga katikati. Akafungua njia, akapitisha tembo, akapitisha malkia, na kila kete aliyoitoa aliijua inakwenda kufanya nini. Shaweji akatazama ubao, akamtazama mama yake, akamlaza mfalme wake, yaani amekubali kushindwa. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Tunu alicheka na machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona.

Akapewa ubao. Fundi akanoa patasi. Mwenyekiti wa mashindano akauliza kama desturi inavyotaka: "Binti, aliyekufundisha ni nani?"

Tunu akageuka. Hemedi na Bi Sauda, waliokuja kumtazama, walikuwa wamesimama ukutani pamoja na Shaweji. Akawaendea, ubao kifuani. "Nisaidieni," akasema. "Semeni wenyewe."

Hemedi akaanza. "Mimi nimeijenga Bingwa mara tatu. Ya kwanza ilikuangusha, ya pili ikakuangusha, sikatai. Lakini nani aliyeibomoa kazi aliyoipenda ili wewe uelewe? Maneno ya hawa wawili yangebaki maneno. Mimi ndiye niliyeyafanya yakawa mazoezi."

Bi Sauda akatengeneza mtandio wake. "Mimi huo mchezo siujui, na kompyuta hiyo sijaigusa. Ila leo, mwanangu, ulipoweka mikono mapajani, ulijiuliza swali la nani? Huyu Hemedi alilikataa mpaka nikachoka. Nisingeuliza jikoni, mngekuwa mpaka sasa mnaliza kengele."

Shaweji akakohoa. "Shangazi, shikamoo, lakini swali lako alilikariri. Nililiona mwenyewe likikaririwa. Ni mimi niliyemtoa kwenye kukariri, kwa sababu nilimletea yasiyoandikwa. Nilikuja kwa faida yangu, ni kweli, na sababu zenu nimezipata. Lakini tazameni nimelipa nini. Nimeshindwa na nilichomfundisha, tena mbele ya mama."

"Pole, baba," Bi Sauda akamwambia, na akamaanisha.

Wote watatu wakacheka, kwa maana walipendana. Hilo ndilo lililomkwamisha Tunu. Wangekuwa wabaya, ingekuwa rahisi.

Akawaza. Nikiutoa kwa Hemedi, wanaoanza watajifunza kwa mashine iliyotengenezwa kwa uvumilivu. Nikiutoa kwa shangazi, watafundishwa kuuliza na mtu asiyejua kucheza. Nikiutoa kwa Shaweji, ubao hautafika Muheza, na wanaoanza watakutana na upotofu kabla hawajajua unyoofu, ingawa ni upotofu huo ulioniokoa.

Najua kuna mtu hapa ataniambia wagawane. Nimeshasema jina ni moja, baba, sikiliza. Na wewe unayetaka kusema kwamba Tunu alijifundisha mwenyewe, kaa chini. Tunu alikuwa na kichwa kile kile alipoliwa malkia.

Fundi ameshaupokea ubao, ameuinamia, patasi mkononi. Mwenyekiti ameuliza mara ya pili. Hemedi anatazama chini, Bi Sauda anatazama pembeni, Shaweji anatafuta karanga ambazo hana. Na Tunu, mwenye furaha kuliko siku zote za maisha yake, amefungua mdomo na sauti haijatoka.

Mmoja wao alimjengea, mmoja alimuuliza, mmoja alimpotosha hadi akaona. Sasa semeni, enyi mnaonisikiliza, maana patasi haiwezi kungoja milele: je, nani alistahili?