Mkeka wa Shukrani wa Mwanakheri

Hapo zamani, katika mji uliosifika kwa mikeka, aliishi msusi aitwaye Mwanakheri. Wenzake walisuka ukili, ule ukanda wa majani ya mkindu ushonwao kuwa mkeka, huku wakitembea na kupiga soga; yeye aliona haya kufanya hivyo. Ukili wa njiani hulegea, alisema, na mkono wake haukujua kulegea. Basi aliketi tangu asubuhi hadi magharibi, miguu ameinyosha, akisuka, akifumua, akisuka tena.

Dada yake alisuka vivyo hivyo. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mzee. Siku moja mguu ulimvimba, pumzi ikambana, akafariki, ukili ungali mapajani.

Baada ya matanga, Tabibu Athmani alimjia Mwanakheri.

"Binti yangu, damu ya mtu ina utomvu wa kuziba jeraha. Ukipungua, mtu huvuja. Ukizidi, damu yaweza kuganda ndani ya mishipa, kama ilivyomfika dada yako. Mwenye kutembea kila siku, aghalabu utomvu wake hukaa kwa kiasi. Inuka, utembee."

Mwanakheri aliitikia kwa adabu. Kesho yake akaketi.

Ndipo binti yake, Mwanasiti, aliyeyasikia maneno ya tabibu, alipotunga uongo. "Mama, mchuuzi wa miaa ya kusukia hapiti tena mtaani kwetu. Sasa anauzia shambani kwake, nje ya mji, fungu moja tu kwa siku, nami sijui kuchagua."

Kumbe ni yeye aliyemsihi mchuuzi afanye hivyo. Mwanakheri, asiyeridhika na miaa iliyochaguliwa na mwingine, akainuka, akaenda.

Baada ya siku chache tu, miguu ikauma, akakata tamaa. Wifi yake, Saumu, akasimama mlangoni.

"Wifi, umeota mizizi? Ondoka, ama nikubebe mgongoni kama gunia la mchele, mji mzima ucheke!"

Akamsindikiza kila siku, jua na mvua, hata mkeka wa Saumu mwenyewe ukabaki bila kushonwa na harusi aliyousukia ikapita.

Mwaka ulipozunguka, Mwanakheri alikuwa mwepesi wa miguu na wa pumzi. Akashona mkeka mmoja, mzuri kuliko yote aliyowahi kushona, akawaita watatu hao. "Huu ni wa aliyenizuia nisimfuate dada yangu."

Tabibu akasema, "Bila neno langu, nani angejua pa kuanzia?"

Mwanasiti akasema, "Neno lilimpita sikioni. Mchuuzi hakuacha kupita kwa hiari yake, mama. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Ulinidanganya?"

"Naam. Na ningekudanganya tena."

Saumu akacheka. "Na uongo huo ulimfikisha wapi, mwanangu? Alipokaa kitako, ni nani aliyemwinua?"

Mwanakheri akatwaa kisu aufumue mkeka, kila mmoja apate fungu lake. Mkono ukakataa: mkeka uliofumuliwa si mkeka tena, ni ukili mtupu. Akakiweka kisu chini, akawatazama mmoja mmoja, na kila uso ulimpendeza.

Je, enyi mnaosikiliza, mkeka ule ulistahili kutandikwa nyumbani kwa nani?