Nisomee Bustani

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale wa pwani aliishi mcha Mungu aitwaye Mwalimu Lali, aliyefundisha watoto Kurani mpaka macho yake yalipoingia giza. Alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa kisomo. Mwanafunzi akiteleza, hata kwa herufi moja, alimsimamisha papo hapo na kumwambia, "Usizidishe, usipunguze. Soma kilichoandikwa."

Alipopofuka, Mwalimu alilala akiuelekea ukuta. Chakula kilikuja moto, kikaondoka baridi. Mkewe, Mwana Somoe, alijaribu kila dawa na kila dua. Asubuhi moja baada ya Sala ya Alfajiri, akiwa amechoka kubembeleza, akaanza tu kumwambia alichokiona uani: rehani zimechipua, waridi limefunga tumba, na kuna nyuki amelala ndani ya ua la mkomamanga kama mgeni asiyejua kuaga. Mwalimu akageuka. "Endelea," akasema.

Tangu siku hiyo, kila kulipopambazuka alisema, "Somoe, nisomee bustani." Maana yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kwamba aya za Mola haziko msahafuni peke yake, mvua ni aya, na jani ni aya. Basi mkewe akamsomea masika, rehani zilipogombania nafasi na magugu. Akamsomea kipupwe, waridi lilipopendeza kuliko wakati wowote. Ikifika vuli, mti wa asumini uliotambaa kwenye ukuta wa kibla ulijaa weupe, na harufu yake ilimfikia Mwalimu mkekani kabla mkewe hajafungua kinywa. Mti ule waliupanda wiki ya harusi yao, naye Mwalimu aliupenda kuliko mingine yote. Kila Ijumaa alitia maua yake mfukoni mwa kanzu, kisha akaongozwa msikitini.

Ukaja mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha. Maji ya kisima yakapungua, yakawa ya kunywa na kutawadha tu. Rehani zikawa vijiti, waridi likapukutika, na mwishowe asumini nayo ikakauka. Mwana Somoe aliutazama ukuta mtupu, kisha akamtazama mumewe aliyenyoosha shingo akingoja kusomewa, akazikumbuka zile siku za chakula kurudi baridi. Moyo ukamwambia: neno dogo tu.

"Asumini imechanua, Mwalimu," akasema. "Imejaa ukuta mzima."

Ndugu zangu, tusifanye haraka kumlaumu. Wangapi miongoni mwetu tungesema hivyo hivyo, tena tukalala usingizi mzuri?

Mwalimu alivuta pumzi. Akavuta tena, kisha akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo. Ikawa kila siku mkewe anamsomea maua yasiyokuwapo, naye anavuta pumzi na kunyamaza. Chakula kikaanza tena kurudi baridi. Mwana Somoe akashangaa sana. Huzuni ameificha, mbona imemfikia?

Ijumaa ilipofika Mwalimu akasema, "Somoe, nichumie asumini kidogo." Mkewe akajitanda mtandio, akatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwa jirani yao, Mwana Shufaa, ambaye kisima chake kilikuwa bado na maji. Akarudi na maua kwenye pindo la mtandio. Mlangoni akasimama. Mwalimu alikuwa amesujudu, na sauti yake ilikatikakatika.

"Ewe Mola wangu, macho ulinipa, ukayachukua, nami nimeridhia. Lakini sasa na pua? Asumini imejaa ukuta nami siisikii. Niachie harufu yake, ya Rabbi. Niachie hiyo tu."

Hapo Mwana Somoe akaelewa. Kumbe uongo wake wa huruma umempokonya mumewe kitu ambacho hata ukame haukukigusa.

Kabla hajasema neno, Mwalimu akainua kichwa. "Somoe!" akalia. "Naisikia! Wallahi naisikia! Mola amenijibu!" Machozi yakamtiririka mpaka ndevuni.

Hapa ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Lau angalinyamaza, asingalijua mtu, na mume angalikwenda msikitini na furaha yake. Lakini angemwachaje amshukuru Mola kwa maua yaliyofichwa kwenye pindo la nguo? Akaketi mbele yake, akayatia maua viganjani mwake.

"Haya ni ya Mwana Shufaa," akasema. "Ukuta wetu hauna ua hata moja, Mwalimu. Bustani imekauka tangu mvua zilipokosekana. Niliogopa utarudi kuuelekea ukuta, nikakusomea kisichoandikwa. Nisamehe."

Mkewe akangoja lawama. Mwalimu akayasogeza maua usoni, akayanusa kwa muda mrefu.

"Basi pua yangu haikuwa mgonjwa," akasema.

"Haikuwa. Ulimi wangu ndio uliokuwa mgonjwa."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mkewe. "Somoe, jani linalochipua ni aya, na jani linalokauka nalo ni aya. Mimi si mtoto wa kurukishwa kurasa. Nisomee yote."

Akamsomea yote huku akilia, kijiti kwa kijiti. Alipomaliza, Mwalimu akaomba apelekwe ukutani. Akaupapasa mti wa asumini mpaka chini, akalikwaruza gome kwa ukucha karibu na mizizi. "Hapo pana rangi gani?"

Mwana Somoe akainama. "Kijani," akasema. "Kidogo sana, lakini ni kijani."

"Basi usiung'oe."

Wakakata matawi makavu. Tangu siku hiyo wote wawili walitawadhia pale pale shinani, maji ya mikono na miguu yao yakateremka mizizini. Kiangazi kilikuwa kirefu. Kila asubuhi Mwana Somoe alimsomea mumewe shina tupu, wala hakuongeza hata jani moja. Na Mwalimu alikula chakula chake kingali moto.

Masika yakaja kwa rehema ya Mola. Asubuhi moja, Mwana Somoe hajakunja hata msala, mumewe akainua mkono. "Leo nasoma mimi," akasema, na uso wake uling'aa. "Asumini imechanua! Imejaa ukuta mzima!"

Mkewe akatoka kutazama. Akarudi akitabasamu.

"Ua moja, Mwalimu," akasema. "Usizidishe."

Mwalimu Lali akacheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha wakasujudu wote wawili, wakamshukuru Mola kwa lile moja.

Basi tuwahurumie tuwapendao, lakini tusiwahurumie kwa kuwaficha kazi ya Mola wao. Hatujui tunawanyang'anya nini. Mwenyezi Mungu atujaalie nyumbani mwetu mtu wa kutusomea yaliyoandikwa, na atupe sisi kifua cha kuyasikiliza. Amin.